Mstari wa Leza Unakoma Wapi?



Naomba niseme juu ya chuma cha kusubu, maana wengi wenu, wahandisi wapya, mtakabidhiwa mashine zenye shafti na gia za chuma hicho. Mnakijua: kimejaa grafiti, na pembeni mwa kila chembe ya grafiti mkazo hujikusanya. Mzigo ukija na kuondoka mara milioni, chuma huchoka, na ufa mara nyingi huanzia usoni.

Katikati ya miaka ya 1970, kiwanda cha General Motors huko Saginaw, Michigan, kilianza kukaza kwa leza sehemu ya ndani ya kasha la gia za usukani. Walichotaka ni kuzuia kusagika. Lakini njia hiyohiyo inagusa uchovu wa chuma. Mwale hupita, uso ukapata joto linalozidi nyuzi 800 za Selsiasi, kisha chuma baridi cha chini yake hulinyonya joto hilo upesi mno, bila maji wala mafuta. Uso hugeuka martensiti, aina ngumu ya muundo wa chuma, ambayo hudai nafasi kubwa kuliko chuma cha awali. Kwa kuwa imeshikwa na chuma cha chini, haipati pa kutanukia, hubaki imebanwa. Na ufa haufunguki kwa urahisi kwenye uso uliobanwa.

Sasa pitisheni mwale huohuo polepole zaidi, uso uyeyuke. Grafiti huingia kwenye uji wa chuma, na kinachoganda ni chuma cheupe, kigumu lakini chepesi kuvunjika, ambacho kikipoa husinyaa. Uso haubanwi tena, unavutwa. Pengine hupasuka hata kabla ya kufungwa kwenye mashine. Kipimo cha ugumu kitawapa namba nzuri, na namba hiyo itawadanganya. Jambo hili linanikera: tunaandika ugumu kwenye mchoro, mkazo uliobaki ndani hatuutaji.

Kuna pia mipaka ya mistari. Mistari miwili ya leza ikipandana, wa pili huupasha moto ukingo wa ule wa kwanza na kuulegeza; ukingo basi huwa mahali dhaifu. Kwa hiyo mkiletewa krenkshafti, msiishie kuuliza imekazwa kwa kina gani. Ulizeni mstari wa leza unakoma wapi. Ukiwa unakomea kwenye kona ya shingo, palipolemewa kuliko pote, rudisheni mchoro, hata mkubwa wenu awe na haraka kiasi gani.