Tulikate Neno: E-pi-di-di-mi-si

Kwenye mada ya uzazi, somo la Baiolojia, kuna neno linalowafunga wengi ulimi: epididimisi. Mmoja anameza nusu, mwingine anaongeza "di" ya tatu, darasa zima kicheko!

Haya, tulikate kama muwa, pingili kwa pingili: e-pi-di-di-mi-si. Silabi sita. Piga kofi moja kwa kila silabi. Mkazo, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili, uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: MI. Kwa Kiingereza silabi ni tano, na mkazo unakaa kwenye ya tatu.

Asili yake ni Kigiriki: "epi" ni juu ya, "didymos" ni pacha. Pacha wenyewe ni zile korodani mbili. Epididimisi ni mrija mwembamba uliojikunjakunja nyuma ya kila korodani. Ukinyooshwa hufika kama mita 6. Humo ndimo mbegu za kiume hukomaa.

Sasa, kwa nini tujisumbue? Kwa sababu usichoweza kukitaja utakiuguza kimya kimya. Mrija huu huweza kuvimba kwa kisonono au klamidia. Na maumivu makali ya ghafla yanaweza kuwa korodani imejisokota. Hapo usingoje kesho, kimbilia hospitali! Ikikaa zaidi ya saa 6 bila kutibiwa inaweza kufa. Neno likikupotea, sema tu: "Daktari, korodani inaniuma." Mficha uchi hazai.