Kabla Hujatangazwa Umefilisika

Nchini Kenya, swali la kwanza la mwenye madeni huwa moja: nitafungwa? Kufilisika si kosa la jinai. Kosa ni kuficha mali au kuwadanganya wanaokudai. Sheria ya Ufilisi ya 2015 iliondoa ile ya kikoloni, na sasa mtu anaweza kwenda Mahakama Kuu mwenyewe kuomba atangazwe amefilisika. Mali yake hupita mikononi mwa msimamizi, ila vyombo vya kazi na vya nyumbani vya lazima huachwa. Kwa kawaida, baada ya miaka 3 huwa huru. Deni la udanganyifu na pesa za matunzo ya watoto, hayo humfuata.

Wengi hawajui kuna njia nyepesi: asiye na mali, mwenye madeni ya kati ya shilingi 100,000 na 400,000, anaweza kuomba utaratibu wa mwaka mmoja bila kufilisiwa. Kwa mama mboga aliyezama katika mikopo ya simu, mimi ningeanzia hapo.

Na wakili? Si lazima, ingawa makaratasi ni mengi. Ukimtafuta, hakikisha ana cheti cha mwaka huu. Chama cha Mawakili kina orodha. Muulize ada kabla hajafungua faili, na kama amewahi kushika kesi za ufilisi, maana wakili hodari wa mashamba huenda hazijui. Anayekuahidi kufuta madeni yote kwa wiki mbili, muage tu.