Mshtakiwa Asipokuwepo Kizimbani



Katika jumuiya zetu tumeulizwa: mshtakiwa akiikimbia mahakama, je, kesi isisikilizwe? Na waliodhulumiwa wangoje mpaka lini?

Swali hili si jepesi. Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA wa kaskazini mwa Uganda, alitolewa hati ya kukamatwa mwaka 2005. Watoto walioporwa wakati ule leo ni watu wazima. Tarehe 9 na 10 Septemba 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ilisikiliza mashtaka 39 dhidi yake, naye hayupo. Aliteuliwa wakili wa kumtetea, nao waathirika wakawa na mawakili wao. Mwezi Novemba majaji waliyathibitisha mashtaka, wakaishia hapo. Mkataba wa Roma hauruhusu kesi yenyewe kuendeshwa mpaka apatikane.

Tarehe 30 ya Septemba hiyo hiyo, mahakama ya kijeshi mjini Kinshasa ilimhukumu kifo Rais wa zamani Joseph Kabila. Hakuwepo, wala hakuwa na wakili. Hatusemi kwamba hana hatia, hatujui. Lakini shahidi ambaye hakuna wa kumhoji kwa niaba ya mshtakiwa, ushahidi wake umepimwa kwa mizani gani? Hata Festo, liwali asiyemjua Mungu wetu, alikataa kumtoa Paulo kabla hajakabiliana na washitaki wake.

Tusidhani mambo haya ni ya wakubwa tu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya Tanzania humruhusu hakimu kuendelea na kesi iwapo mshtakiwa hakufika siku iliyopangwa baada ya kuahirishwa. Akitiwa hatiani, mahakama yaweza kuitengua hukumu ile, endapo itaridhika kwamba alizuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake, na kwamba anao utetezi wa maana. Wangapi vijijini wanalijua hilo? Mkulima aliyekosa nauli, au aliyelazwa, hudhani yamekwisha, akajificha. Na kujificha huko ndiko kunakomharibia.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa jumuiya: mwenzenu aliye nje kwa dhamana akiugua, mdhamini wake apeleke mahakamani cheti cha hospitali siku ile ile ya kesi. Na aliyekwisha kuhukumiwa bila kuwepo, msimfiche. Mfuateni, mkamtafutie msaada wa sheria mapema.