Chumba cha Taka Kianze Kwenye Ramani

(Mazungumzo mbele ya makatibu wa vyama vya msingi)



Baadhi ya vyama vyetu vinakusudia kujenga ofisi na maghala mapya. Katika ramani nilizoonyeshwa, nimeona chumba cha katibu, chumba cha mizani, hata mahali pa kuegesha magari. Taka hazikupewa mahali. Matokeo yake tunayajua: maboksi hurundikwa uani yakalowana, yakakosa mnunuzi, na makopo matupu ya dawa za mimea huokotwa, yakatumika kuchotea maji ya kunywa.

Wengine wamekwisha kulifikiri jambo hili. Huko Marekani, kanuni za LEED, zinazopima majengo yanayohifadhi mazingira, haziidhinishi jengo lisilotenga mahali pa kukusanyia karatasi, maboksi, vioo, plastiki na vyuma. Majirani zetu wa Kenya walitunga sheria mwaka 2022, inayotaka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza.

Kwa hiyo nashauri mambo manne.

Kwanza, kabla fundi hajaanza, pimeni taka za juma moja wakati wa msimu, kila aina peke yake. Ukubwa wa chumba utokane na vipimo, usitokane na kubahatisha.

Pili, chumba kiwe karibu na lango, ili mkokoteni au lori lifike bila kupita penye mizani. Kiwe na paa, sakafu ya saruji, matundu ya hewa na kufuli.

Tatu, makopo ya dawa yasichanganywe kamwe na taka nyingine. Mkulima ayasuuze mara tatu, maji ya kusuuzia ayamimine ndani ya bomba la kunyunyizia, kisha ayatoboe. Yafungiwe mahali pa pekee, yakingoja kukabidhiwa kwa wanaoruhusiwa kuyapokea.

Nne, kila kinachouzwa kiandikwe daftarini: uzito, bei na stakabadhi. Fedha hizo, hata zikiwa kidogo, ni mali ya wanachama.

Ndugu zangu, wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuongeza chumba kwenye karatasi ni kazi ya kalamu. Kukiongeza jengo likiisha ni kazi ya nyundo na fedha. Naomba kila katibu aifikishe ramani mbele ya mkutano mkuu kabla msingi haujachimbwa.