RATIBA YA KUJISOMEA KWA VIJANA WA VISIWANI WALIOKO VYUO VYA DAR ES SALAAM

(Maandishi ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, vijana wa Unguja na Pemba hupanda boti kwenda Dar es Salaam wakiwa na mabegi mazito na matumaini makubwa. Baadhi yao hupata nafasi ya kulala mabwenini. Wengine hufikia kwa jamaa, huko Mbagala, Tandika na Yombo katika Wilaya ya Temeke, au Tegeta, Bunju na Tandale katika Wilaya ya Kinondoni. Mazungumzo haya yanawahusu khasa hao wanaofikia kwa jamaa, pamoja na wazazi wao na wenyeji wao, kwani ratiba ya masomo ya kijana wa namna hiyo haipangwi na yeye peke yake.

Kwanza itazamwe hesabu. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja huhesabiwa kuwa ni kazi ya saa 10, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza hutarajiwa kukamilisha krediti 120 kwa mwaka. Hizo ni saa 1,200, yaani saa 600 kwa kila muhula. Zikigawiwa katika wiki 16 hukaribia saa 38 kwa wiki, ambazo takriban ni wiki nzima ya kazi ya ofisini. Ndani yake mna mihadhara, semina, majaribio, kazi za kuandika na kujisomea. Ikiwa mihadhara na semina zitachukua saa 20, basi saa 18 zinazobakia ni za mwanafunzi mwenyewe. Skuli ya sekondari ilimpigia kengele kila kipindi. Chuoni hakuna wa kumpigia.

Sasa achukuliwe kijana anayelala Mbagala Rangi Tatu na kusoma Mlimani, mahali ambapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihamia mwaka 1964. Akitumia muda wa saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, katika siku 5 atakuwa amekaa njiani, au amesimama, saa 20. Barabara imekwisha kukizidi kitabu. Mwenzake anayelala Tegeta na kusoma katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu pale Chang'ombe, kilichoanzishwa mwaka 2005, naye huukata mji kutoka kaskazini kwenda kusini. Mabasi ya mwendo kasi yaliyoanza kazi mwaka 2016 yamewapunguzia adha walio karibu na Barabara ya Morogoro, lakini anayeishi ndani ya mitaa hutanguliza kwanza mguu au bodaboda. Isitoshe, wakati wa masika Bonde la Msimbazi hufurika pale Jangwani, na barabara hiyo imewahi kufungwa mara nyingi. Ratiba ya muhula wa masika isiyoiweka mvua katika hesabu ni karatasi tu.

Pamoja na hayo, wakati haukosekani. Wiki ina saa 168. Zikitolewa saa 49 za usingizi, saa 38 za masomo na saa 20 za safari, husalia saa 61 za ibada, chakula, kufua, kazi za nyumbani na mapumziko. Tatizo ni kwamba saa hizo zimevunjika vipande vipande, na kipande kilicho kikubwa huangukia usiku, mwili ukiwa umechoka, televisheni ya sebuleni ikiwa wazi na pengine umeme umekatika. Kijana anayeandika "kujisomea, saa 3 hadi saa 6 usiku" kwa siku zote saba huwa ameandika matamanio yake. Wiki ya pili haifiki kabla ratiba hiyo haijamshinda, kisha hujiona mvivu, ilhali kosa lilikuwa katika mpango wenyewe.

Lililo bora ni kuisogeza kazi ngumu mbali na foleni. Anayeondoka nyumbani saa 11 alfajiri hufika chuoni mapema, naye hupata saa moja au zaidi katika darasa tupu kabla ya mhadhara wa saa 2. Saa hiyo apewe somo linalomsumbua zaidi, si lile analolipenda. Mchana, katikati ya vipindi, ndipo maktaba inapofaa kwa kutafuta vitabu na kuandika. Mlimani kuna maktaba kubwa mpya iliyofunguliwa mwaka 2018. Jioni baadhi ya vijana hubaki chuoni mpaka foleni ipungue. Kwa msichana anayerudi kwenye mtaa wenye giza shauri hili halifai, na mzazi asimlazimishe. Yeye azidishe ile sehemu ya asubuhi.

Muda wa daladala nao usihesabiwe kuwa umepotea wote. Kusoma huku mtu amesimama ni taabu, lakini kukumbuka kunawezekana. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana. Aliona kuwa sehemu kubwa ya anachosahau mtu hupotea katika saa za mwanzo na siku ya kwanza, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku hushinda kurudia kwingi kwa pamoja. Watu wa Visiwani, ambao neno chuo kwao lilikuwa la Kurani kabla ya kuwa la shahada, wanaijua kazi hii kwa jina la muraja'a: somo la jana husomwa mbele ya mwalimu kabla ya kupewa la leo. Basi kijana akiwa njiani kurudi ajiulize mhadhara wa leo ulikuwa na hoja zipi, na usiku, kwa nusu saa tu, afungue daftari kuona alichosahau. Nusu saa hiyo aitenge pia siku ya tatu na mwisho wa wiki.

Linabaki suala la nyumba aliyofikia, na hapa ndipo ratiba nyingi hufia. Mgeni wa siku mbili hulishwa. Wa miaka mitatu ni mtu wa nyumbani, na ni haki afanye kazi. Lakini mara nyingi kazi hizo hazina mpaka. Kijana wa kike hupewa jiko na watoto, wa kiume hupewa ufunguo wa mlango. Mwisho wa mwaka matokeo huwekwa sawasawa ubaoni, na mkopo wa masomo utadaiwa afaulu asifaulu. Mzazi aliyeko Mkoani au Makunduchi asimwachie mtoto aliseme jambo hili mwenyewe kwa shangazi au ami yake, kwani kwa adabu hataweza. Azungumze na mwenyeji tangu siku ya kwanza, waelewane ni kazi zipi na kwa saa zipi, na siku gani aachiwe kabisa.

Watumishi wanaosoma kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kina vituo Unguja na Pemba, wanaweza kutumia hesabu hiyo hiyo wakiweka saa za ofisi mahali pa saa za barabara.

Katika vyuo vingi kazi za muhula na majaribio huchukua alama 40 kati ya 100, na mtihani wa mwisho 60. Kwa hiyo ratiba haianzi Jumatatu ijayo. Huanzia tarehe za majaribio na kurudi nyuma wiki kwa wiki. Tarehe hizo zikishajulikana, kijana aandike nakala mbili zaidi ya yake. Moja aibandike nyumbani kwa mwenyeji wake. Nyengine aipeleke Visiwani, ili wazee wanaopanga harusi na khitma wajue ni wiki zipi wasimtarajie katika boti ya Ijumaa.