Kitabu cha Picha Kisifungiwe Kabatini

Mazungumzo kwa wazazi na walimu wa chekechea, Kaunti ya Kakamega



Katika madarasa mengi ya PP1 na PP2, kitabu kizuri kuliko vyote ndicho ambacho watoto hawakigusi. Picha zake zinapendeza, karatasi zinang'aa, na kila mtu anajua kwamba bei yake si ndogo. Kwa hivyo hufungiwa kabatini kisije kikachafuka. Mwalimu hana nia mbaya; akiulizwa kiko wapi, atakitoa kikiwa kizima. Lakini mtoto atamaliza PP2 na kuingia Gredi ya 1 bila kukifungua hata siku moja.

Mfano mzuri ni The Great Kapok Tree, kitabu cha Mmarekani Lynne Cherry kilichotoka mwaka wa 1990. Hadithi yake iko katika msitu wa mvua wa Amazon. Mtu mmoja anaingia msituni na shoka kuukata mti mkubwa. Anachoka, anaketi chini ya mti huo na kusinzia. Basi wakazi wa msitu wanamjia kwa zamu kumnong'oneza sikioni asiukate: nyoka, nyuki, tumbili, ndege, chura, nungunungu, na jagwa, yule paka mkubwa anayefanana na chui. Mwisho anakuja mtoto wa kabila la Yanomami. Mtu anaamka, anawaona wote wamemzunguka, anaacha shoka chini na kwenda zake. Mti wenyewe si mgeni Kenya. Ni msufi, ule ule unaoota Pwani na kutoa sufi ya kujazia mito.

Kitabu hicho kimeandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo wazazi wengi hurudi nyuma. Mama au nyanya asiyesoma Kiingereza, hata yule asiyesoma kabisa, hudhani kitabu si chake. Sivyo. Mtoto wa miaka minne naye hasomi, anasoma picha. Mzazi anaweza kuketi naye, afungue ukurasa, kisha amuulize, "Nyoka huyu anamwambia nini huyu mtu?" Halafu anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu, kwa sababu watu wazima hupenda kujibu maswali yao wenyewe. Jibu likija kwa Kiluhya, lipokelewe kwa Kiluhya. Mtoto akisema nyoka anaomba ugali, aulizwe ugali na nini.

Wanyama wa Amazon wako mbali, lakini mtoto wa Kakamega ana msitu wake wa kulinganisha nao. Tumbili kadhaa wa Amazon hushika tawi kwa mkia kama kwamba ni mkono wa tano. Mbega wa Msitu wa Kakamega hawezi. Mkia wake ni mrefu na wenye manyoya meupe, lakini haushiki kitu. Tena mtoto wa mbega huzaliwa mweupe mwili mzima, jambo ambalo watoto hulipenda sana na hawalisahau. Nungunungu wa Amazon hupanda miti, wa hapa hutembea chini. Jagwa naye ana madoa yenye vidoa vingine ndani yake, chui hana. Mpe mtoto kidole chake atafute.

Ndege mwenye mdomo mkubwa wa Amazon, tukani, humkumbusha mtu hondohondo, ingawa hawana undugu wa karibu. Hapa mwalimu asiwe na haraka. Hondohondo jike hutaga katika shimo la mti mkubwa, kisha mlango huzibwa kwa udongo ubaki ufa mwembamba tu. Hukaa humo ndani na makinda, na dume humletea matunda na kumpitishia kwenye ufa. Mti mchanga hauna shimo la kumtosha ndege wa ukubwa ule. Mtoto akishaelewa hivyo, aulizwe: yule mtu wa shoka angekuja Kakamega, ni nani angeshuka kumnong'oneza? Maswali ya namna hii hayahitaji kitabu cha mwalimu.

Tangu Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti. Lakini hakuna bajeti inayoweza kufungua kabati. Hilo ni la mwenye ufunguo.

Hofu ya kuchafua ina dawa yake. Kitabu kivalishwe jalada la gazeti na nailoni juu. Mikono ioshwe kwanza. Watoto wafundishwe kufunua ukurasa kwa kushika pembe ya juu, si kuuvuta kutoka katikati. Darasa lenye kitabu kimoja ligawanywe vikundi vya watano au sita; kikundi kimoja kiketi na kitabu, wengine wachore au wacheze nje, kisha wabadilishane. Ukurasa ukichanika, ubandikwe kwa selotepu siku hiyo hiyo, watoto wakitazama.

Na siku ya Ijumaa kitabu kiende nyumbani na mtoto mmoja, kwa zamu, ndani ya mfuko. Mzazi atie sahihi au alama ya kidole kwenye daftari la mwalimu. Jumatatu asubuhi, kabla kitabu hakijapokelewa, mtoto huyo asimame awaambie wenzake ni mnyama gani nyanya alimpenda.