Lori la Mjomba Linasubiri Jibu



Nyuma ya nyumba ya mjomba wangu, hatua chache kutoka barabara inayotoka Endebess kwenda Suam, kuna lori lililolala tangu kabla ya mavuno. Ni Isuzu FSR, la tani saba. Gurudumu la mbele limewekewa gogo lisiteleze, na kuku wameanza kutaga chini ya kiti cha dereva. Mwezi uliopita, tukiwa tunakunywa chai, mjomba aliliangalia kwa muda, kisha akaniuliza: "Mpwa wangu, hili nilitengeneze, niliuze, au nilichinje?"

Kama hujawahi kukaa gereji, kuchinja gari ni kulifungua na kuliuza kipande kimoja kimoja: injini kwa huyu, giaboksi kwa yule, matairi kwa mwingine, na mabaki kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Sikumjibu siku ile. Leo najaribu, kwa kuwa najua swali lake liko katika maboma mengi yanayotusikiliza, kuanzia Kwanza na Kiminini hadi Kamukuywa, Kimilili na Chwele.

Wengi wetu tunaanzia kwenye injini, maana ndiyo inayopiga kelele na kutoa moshi. Lakini moshi una lugha yake. Mweusi unamaanisha dizeli ni nyingi kuliko hewa, na mara nyingi dawa yake ni filta ya hewa au nozeli, kazi ya siku moja. Wa buluu ni oili inayoungua. Fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikinguruma: moshi ukisukumwa nje kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka. Chomoa kijiti cha kupimia oili, na ukikuta rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia mahali yasipotakiwa. Nimeona mtu akiambiwa afanye ovahoo, yaani injini ifunguliwe yote na kuundwa upya, kumbe tatizo lilikuwa filta iliyojaa vumbi la shamba. Kwa hiyo kabla ya kukubali, tafuta fundi wa pili ambaye hatapata kazi hiyo, umlipe kwa kuangalia tu.

Hata hivyo, jibu la mjomba sitalitafuta kwenye injini. Injini unaweza kuibadilisha. Ziko zilizotumika zinazoletwa kutoka Japani, na spea za Isuzu zinapatikana kwa sababu malori haya yameunganishwa Nairobi tangu miaka ya 1970, katika kiwanda kilichoitwa General Motors hadi 2017, kilipogeuka Isuzu East Africa. Kitu kisichobadilishwa kirahisi ni chasisi. Ndiyo uti wa mgongo, na namba iliyogongwa juu yake ndiyo inayolitambulisha gari kwenye logibuku.

Na chasisi za huku kwetu zimeteseka. Gunia la mahindi tunalolijua ni la kilo 90. Magunia 100 ni tani tisa, na mimi nimekua nikiona magunia 100 na zaidi yakipandishwa kwenye malori ya tani saba, yakitoka mashambani kwenye njia za matope kabla hayajafika barabarani. Sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inaliruhusu lori la ekseli mbili kufika tani 18 pamoja na uzito wake lenyewe, na wenye malori huishika hesabu hiyo kama ruhusa. Kile ni kipimo cha kulinda barabara. Hakilindi chuma kilichoundwa kwa mzigo mdogo zaidi. Ndiyo maana utakuta nyufa pale springi zinaposhikia, au nyuma kidogo ya kabini, ambapo bodi iliyojaa huvuta kwenda chini kila gurudumu linapoingia shimoni. Ufa mara nyingi huwa umejificha chini ya rangi na grisi. Pengine utakuta ulishachomelewa, na umetokea tena pembeni ya ule mshono.

Chasisi ikiwa imepasuka hivyo mara ya pili, nasema bila kuzunguka: usiitie injini mpya. Utakuwa unajenga dari juu ya ukuta unaoanguka, na chini ya dari hiyo atakaa dereva na tanboi wake.

Chasisi ikiwa nzima, sasa tufanye hesabu, na tuifanye kwa safari. Tuseme ovahoo imekadiriwa shilingi 300,000. Tuseme ukitoa dizeli, dereva, tanboi na wapakiaji, safari moja ya kupeleka mahindi Kitale inakuachia 3,000. Hizo ni safari 100 kabla hujapata shilingi moja ya kwako. Je, msimu wako una safari 100? Mahindi ya nyanda hizi hukaa shambani miezi sita hadi minane. Tunapanda mvua za Machi na Aprili zikianza, tunavuna kuanzia Oktoba. Msimu wa kubeba ni miezi mitatu hivi, na lori la mtu mmoja halipati mzigo kila siku. Ukiegemea mahindi peke yake, injini itakula msimu mzima na kudai sehemu ya msimu ujao, na katikati hapo kuna matairi, bima, ukaguzi na ushuru wa kila mwaka unaohesabiwa kwa tani. Mwenye kazi nyingine ya kujaza miezi iliyobaki, kama mchanga na mawe ya ujenzi, viazi vya Mlima Elgon au miwa ya upande wa Bungoma, hesabu yake ni tofauti kabisa. Huyo atengeneze, na atengeneze sasa hivi Januari, wakati ghala lina kitu na fundi hana foleni. Anayengoja Oktoba atatengeneza kwa mkopo, akiwa na haraka, na fundi atajua.

Kuna jambo lingine ambalo wazee wenye malori hawapendi kulisikia. Zamani njia ya Endebess hadi mpakani Suam ilikuwa ya udongo, na mvua ikinyesha ni lori refu, zito, lenye dereva mvumilivu lililopita. Ugumu wa njia ndio uliolipa lori kuukuu mshahara wake. Lami ilipofika, ilikuja na kanta nyepesi zinazokunywa dizeli kidogo na kwenda Kitale zaidi ya mara moja kwa siku. Nimefurahia lami hiyo kuliko ninavyoweza kusema. Wagonjwa wanafika hospitali, maziwa yanafika yakiwa mazima. Lakini mzee mwenye FSR ashindane na kanta hizo akijua kwamba ile kazi iliyolilinda lori lake imepungua.

Kwa hiyo auze? Soko lipo. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane, na lori jipya ni la wachache, hivyo lori lililo nchini tayari, hata likiwa na miaka 20, bado lina anayelitaka. Lakini anataka linalotembea. Lori linalojiwasha lenyewe mbele ya mnunuzi lina bei. Lililokaa juu ya mawe lina bei nyingine, ya kulia.

Hapo nazungumza kwa uchungu wa nyumbani. Baba yangu alikuwa na lori, na lilipoanza kuchoka alipata mteja aliyelitaka likiwa barabarani. Alikataa. Lilikuwa limetulipia karo sote, hadi kitinda mimba, na kwake kuliuza kulikuwa kama kumfukuza mtu aliyekula naye. Tulimwelewa, tukanyamaza, na kunyamaza kwetu ndiko ninakokujutia. Lilikaa miaka mitatu. Jua likapasua matairi, panya wakala nyaya, maji ya mvua yakaingia mahali pa kifuniko kilichopotea, pistoni zikagandana ndani ya silinda. Betri iliibwa usiku. Mwishowe lilipimwa kwa kilo. Nilimwona baba akilisindikiza hadi langoni, kofia mkononi. Hakuzungumza mpaka jioni.

Ukiuza, uza na karatasi. Sheria ya Trafiki inamchukulia aliyeandikwa kwenye logibuku kuwa ndiye mwenye gari, mpaka kinyume chake kithibitishwe, na inatoa siku 14 tu za gari hilo kutumika barabarani kabla mmiliki mpya hajasajiliwa. Kupeana mkono sokoni na kuandikiana kwenye daftari la shule hakutoshi. Lori likiua mtu Kakamega baada ya mwezi, utakayetafutwa ni wewe uliyeketi Endebess. Siku hizi uhamisho unafanyika kwa simu kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kama hujui, mjukuu wako anajua. Mnunuzi akikwambia atabadilisha jina baadaye, mwambie pesa zake pia azilete baadaye.

Tuje kwenye kuchinja, ambako wengi wanakuona kama aibu. Mimi sioni hivyo. Lori lenye chasisi iliyokufa linaweza kuwa na giaboksi nzuri, difu nzuri, rejeta, springi, rimu, hata milango ya kabini ambayo mtu wa Webuye ameitafuta tangu mwaka jana. Kwa kuwa ni Isuzu, wanunuzi wako kila kona. Lingekuwa la aina adimu ningesema usithubutu, maana utabaki na rundo la vyuma visivyo na mwenyewe. Ekseli ya nyuma hutengenezewa trela ya trekta. Springi mafundi wa jua kali huzifua zikawa mapanga na majembe. Injini isiyoweza tena kupanda mlima na tani saba bado inaweza kuzungusha kinu cha posho. Ila kuchinja kunataka subira. Vipande vizuri huondoka wiki ya kwanza, vingine hukaa mwaka, na ukikosa mahali penye paa na kufuli utakuwa unawachinjia wezi.

Mabaki nayo yana sheria. Tangu 2015 mnunuzi wa vyuma chakavu anatakiwa awe na leseni na aweke kumbukumbu za aliyemuuzia. Wengi tuliipuuza sheria hiyo mpaka Januari 2022, serikali ilipopiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa mitambo ya umeme na reli. Kwa hiyo dai risiti. Na logibuku pamoja na nambari za gari usimpe mtu. Kuna wanaozitaka kuliko chuma chenyewe, kwa sababu wanalo lori la wizi linalohitaji jina. Zirudishe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, gari lifutwe kwenye rejesta, nawe ulale.

Jana jioni nilimpigia mjomba nikamweleza haya, kwa ufupi kuliko nilivyowaeleza ninyi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia lile lori lilichomelewa mwaka juzi, upande wa kulia, karibu na springi ya nyuma. Hakuwahi kunitajia. Nilimuuliza kama mshono umeshika, akasema hajawahi kuingia chini kuangalia.

Jumatatu asubuhi tutakuwa chini ya lori hilo, yeye, mimi na fundi kutoka Kitale, tukiwa na tochi, brashi ya waya na mafuta taa ya kuoshea grisi. Mjomba ameshawahamisha kuku.